Nilivyokosea Umri wa Nyota

Ujerumani,
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote walio hapo nyumbani Nunguni. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, na goti la kushoto halijaanza kukuuma kwa huo ukungu wa asubuhi. Mutua aliniambia mvua imeshika vizuri na maharagwe yameota yote, isipokuwa yale ya mteremko wa chini ambako maji yalipita. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kanisani Jumapili ambazo treni hazijagoma. Huku majani yameisha mitini na saa kumi na moja jioni taa zote zimeshawashwa.

Nimeandika kwa Kiswahili ili Kemunto naye asipitwe. Nikiandika Kikamba utaanza kumtafsiria mstari kwa mstari, na yeye kwa heshima yake atatikisa kichwa hata pale ambapo hajaelewa. Mke wa ndugu yangu Mutua ni mtu wa nyumba, asitafsiriwe habari kama mgeni.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu nimekudanganya mara tatu. Mwezi wa nane uliniuliza kazi inaendeleaje nikasema inaendelea. Mwezi wa tisa vile vile. Mwezi uliopita uliniuliza mbona sauti yangu iko chini, nikakwambia ni mafua. Sikuwa na mafua. Kwa hiyo nimeona niandike, maana karatasi haina mtu wa kuniuliza swali katikati nikakimbilia uongo.

La kwanza lijue sasa hivi: Desemba sitakuja. Najua ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Baba mmeisogeza mara mbili mkinisubiri. Naomba msiisogeze tena. Sababu ni ndefu kidogo, lakini nitaieleza yote.

Unakumbuka kazi yangu ni ipi. Wewe umekaa kwenye chumba cha eksirei miaka mingi, Kitui kisha Makueni, kwa hiyo kukueleza wewe ni rahisi kuliko kumweleza mchungaji. Kuna nyota kubwa ambazo mafuta yake yakiisha hulipuka. Nyota ikishalipuka, hubaki ganda la gesi linalotanuka kwenda pande zote, kama pete ya moshi. Ganda hilo lina joto kali mno, na joto la kiasi hicho halitoi mwanga wa macho tu, linatoa eksirei. Hospitalini mashine ndiyo inayotuma miale na mgonjwa anasimama katikati. Huku, mgonjwa ndiye anayetoa miale, sisi tunapokea picha tu. Na kwa kuwa hewa ya dunia inazuia eksirei hizo zisitufikie, kamera yetu iko juu kwenye setelaiti.

Mimi nilipewa ganda moja la namna hiyo, ambalo hakuna aliyejua umri wake. Kuna picha ilipigwa zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na nyingine ilipigwa juzijuzi. Kazi yangu ilikuwa kuweka picha moja juu ya nyingine na kupima ukingo wa ganda umesogea kiasi gani. Ukijua umesogea kiasi gani kwa miaka ile, unarudi nyuma mpaka siku ya mlipuko. Ni upande mmoja tu wa ganda hili unaong'aa, kwa hiyo nilipima upande huo mmoja.

Nilipata kwamba ukingo unakimbia sana. Maana yake ganda ni changa, halijafika hata miaka elfu moja. Kwa vitu vya mbinguni huyo ni mtoto wa jana. Profesa wangu alifurahi, na yeye si mtu wa kufurahi ovyo. Aliniambia nijiandae kusoma matokeo mbele ya mkutano mkubwa, na tukatuma makala kwenye jarida. Hiyo ndiyo habari niliyokupigia simu mwezi wa tatu, nawe ukasimama kanisani wakati wa shukrani ukasema binti yako amepata umri wa nyota. Mutua alinitumia video. Nilikuona umevaa kile kitambaa cha bluu, watu wakipiga makofi.

Mwaitu, umri ule haukuwa sahihi.

Ilikuwa mchana, Agosti, jengo karibu tupu kwa sababu watu wa huku wote huenda likizo mwezi huo. Nilikuwa namalizia sura ya mwisho ya kitabu changu cha shahada ya udaktari, sehemu ambayo hakuna mtu huisoma, ya kueleza jinsi picha mbili zilivyolinganishwa. Setelaiti haielekei mahali pale pale kila mara, huwa imepotoka kidogo. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote unatafuta vidoti vingine kwenye picha, vitu vya mbali sana ambavyo havisogei, na unavilinganisha hivyo kwanza. Nilikuwa na vidoti vitatu. Viwili ni hafifu, kimoja kinang'aa, na hicho kinachong'aa ndicho kilichobeba karibu uzito wote.

Unakumbuka ulivyotuonyesha picha mbili za kifua cha mtu mmoja, mimi na Mutua tukiwa wadogo? Ulisema kabla hujasema moyo umevimba, angalia kwanza mifupa ya mtulinga, kama mgonjwa alisimama sawa siku zote mbili. Akiwa amejipinda, moyo utaonekana mkubwa na wala si mkubwa. Nilikuwa naandika maelezo ya vile vidoti nikajiuliza, hiki kinachong'aa nilikikagua lini? Orodha ya zamani ilisema ni kundi la nyota la mbali sana. Nikafungua orodha mpya. Haikuwa kundi la mbali. Ilikuwa nyota ndogo nyekundu, jirani yetu kabisa, na yenyewe inatembea angani mwaka hadi mwaka.

Basi nilikuwa nimeegemeza picha zangu kwenye kitu kinachotembea. Sehemu kubwa ya mwendo nilioupima haikuwa ya ganda, ilikuwa ya ile nyota. Nilirudia hesabu kwa vile vidoti viwili hafifu. Ukingo ulikuwa unajikokota tu. Ganda si la miaka mia kadhaa, ni la miaka elfu nyingi. Nilirudia mara nne, na mara zote nne jibu halikubadilika.

Siku mbili sikumwambia mtu. Sikuwa nalia wala nini. Nilikuwa naenda ofisini, nawasha kompyuta, nanunua mkate, narudi. Niliwaza kwamba hakuna mtu angejua kwa muda mrefu. Wale waliopewa makala kuikagua hawakuwa wameuliza habari ya vidoti. Ningeweza kumaliza kitabu, kupewa cheti, kuja nyumbani Desemba, na mtu mwingine angekuja kuligundua kosa baadaye, wakati mimi nimeshaondoka.

Siku hizo mbili niliwaza sana mwaka tuliohama Kitui. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa darasa la sita, nilichojua ni kwamba nimeng'olewa kwa rafiki zangu nikaletwa kwenye baridi ya milimani, nikakununia muhula mzima. Baba ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, siku alipokuja kunichukua shule ya bweni. Tulikuwa tumesimama Emali tukingoja gari la kupanda huko juu Nunguni. Alisema uliweka alama ya kushoto upande wa kulia kwenye picha ya mzee mmoja mwenye maji kifuani, na daktari alikuwa ameshajiandaa kutoboa upande usio na maji. Ulikumbuka ukiwa unaosha vikombe vya chai. Ukakimbia mpaka wodini ukamshika daktari mkono. Mzee hakuguswa. Daktari akasema basi yaishe hapo hapo, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Wewe ukaenda ukaandika ripoti kwa mkono wako, ukajitaja jina, na mwezi uliofuata wakakuhamisha.

Nilimuuliza Baba, "Na kama angenyamaza?"

Akasema, "Tungekuwa Kitui mpaka leo. Lakini mama yako hangekuwa anakula vizuri."

Siku ya tatu nilienda kwa Profesa. Ni mama wa makamo, mwembamba, hapendi maneno ya kuzunguka. Nilimwekea karatasi mezani nikamwambia kidoti cha kwanza ni nyota ya karibu. Aliangalia muda mrefu.

"Umerudia mara ngapi?"

"Nne."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Funga mlango."

Niliufunga. Nikuambie ukweli, niliposikia hivyo nilidhani ataniambia ninyamaze, na sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inamwomba aniambie hivyo. Hakusema. Alivua miwani akasema, "Kosa hili lina majina mawili. Lako na langu. Mimi niliisoma hiyo makala na sikuuliza." Kisha akawaandikia watu wa jarida, mimi nikiwa nimeketi pale pale, kwamba tunaiondoa makala. Ilimchukua dakika kumi. Alipomaliza akasema, "Sasa Ilse utamwambia wewe. Si mimi."

Ilse hujamsikia. Ni mwenzangu, tulianza pamoja, ofisi zetu zinatazamana. Yeye anaangalia ganda lile lile lakini kwa miale ya gama, ambayo ina nguvu kupita eksirei kwa mbali sana. Hiyo nayo haifiki chini, lakini ikigonga hewa juu huko inazaa mmweko mdogo wa bluu, na kuna vioo vikubwa Namibia vinavyokamata mmweko huo. Ilse alikuwa anaeleza miale yake inatoka wapi, na maelezo yake yote yalisimama juu ya umri wangu. Ganda likiwa changa, hesabu zake zinakubali. Likiwa zee, zinaanguka.

Nilimkuta anakula tufaha. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti.

"Miezi tisa, Ndinda," akasema. "Nimejenga miezi tisa juu ya kitu chako."

"Najua."

"Ulipaswa kukagua. Hilo ni jambo la wiki ya kwanza. Hata mwanafunzi mgeni anakagua."

"Najua."

"Acha kusema unajua."

Nikaacha. Nikatoka. Kwa wiki sita hakuzungumza nami isipokuwa mambo ya ofisi. Chakula cha mchana nilikula mezani kwangu. Simlaumu. Niliona tu mlango wake, ambao miaka yote hukaa wazi, sasa umefungwa.

Mengine yalifuata kwa utaratibu. Mkutano nikaondolewa. Mtihani wa udaktari uliokuwa wa mwezi huu ukasogezwa mpaka mwezi wa sita, kwa sababu sura mbili lazima ziandikwe upya. Mkataba wangu ukaongezwa ili nifike huko, na kwa kuwa mkataba umebadilika, kibali cha kukaa nacho lazima kiombwe upya. Karatasi zangu ziko kwa watu wa uhamiaji, na nikitoka nje ya nchi hii kabla hazijarudi, hawatanirudisha ndani. Ndiyo maana Desemba sitakuja. Nilimweleza Mutua wiki jana, nikamwomba asikwambie mpaka barua ifike.

"Sasa hiyo digrii wamekunyima ama?" akauliza.

"Hawajaninyima. Nimerudishwa nyuma."

"Kwa sababu ya nyota moja?"

"Kwa sababu ya nyota moja."

Akasema, "Na hiyo nyota ilikufa kabla babu hajazaliwa. Si wangekungoja tu umalize kwanza." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda. Mshukuru kwa niaba yangu, lakini usimwambie alisema jambo la maana, atavimba kichwa.

Kuna habari nyingine ambayo si mbaya. Mwanzoni mwa Oktoba Ilse aliingia ofisini kwangu bila kubisha, akaweka karatasi juu ya kibodi yangu.

"Tazama," akasema.

Alikuwa amerudia hesabu zake zote kwa umri mpya. Maelezo yake ya kwanza yalianguka kweli. Lakini ganda likiwa zee, limekwenda mbali, na huko mbali kuna wingu zito la gesi. Limegonga lile wingu. Chembe ndogo zilizokuwa zikibebwa na ganda, protoni kwa jina, zinagongana na gesi, na kugongana huko kunatoa gama za namna ile ile anayoiona. Mstari wake ulipita katikati ya vipimo karibu vyote. Kuna kimoja kilichokataa, kiko pembeni kabisa, na bado hatujui kwa nini.

"Ni bora kuliko wa kwanza," nikasema.

"Ni bora sana," akasema. "Bado nimekasirika."

Siku hizi tunakula pamoja tena, siku nyingine. Makala mpya itakuwa na majina yetu wote, lake mbele. Tumesikia kuna watu wengine wanafuata ganda hilo hilo na huenda wakatutangulia. Ikiwa hivyo, basi.

Kuhusu kanisa. Najua watu watakuuliza Desemba, na wale wa kwaya hawasahau. Sikuagizi useme nini. Ukitaka kusimama, sema Ndinda alikosea na akaliona kosa mwenyewe. Ukiona ni afadhali kunyamaza, nyamaza, ganda halitabadilisha mwendo kwa ajili ya Nunguni. Jambo ninaloomba ni usiseme kwamba walinionea kwa sababu mimi ni mgeni. Hawakunionea.

Limebaki moja, ambalo sijamwambia mtu yeyote huku. Profesa aliniuliza mara moja kama kulikuwa na sababu, kwa nini mtu mwangalifu kama mimi aliiruka hatua ile. Nilimwambia sijui. Lakini kila faili kwenye kompyuta ina tarehe yake, na ya faili ile nimeiona. Ni Alhamisi ya mazishi ya Baba.

Mnakumbuka Mutua alishika simu ili nione. Nilikuwa ofisini, nimevaa vipokea sauti vya masikioni. Nilimwona mchungaji, nikaliona jeneza, nikawaona wazee waliofanya kazi na Baba kule Kiboko wakiwa wamevaa makoti yao mazito. Picha ikawa inakatika. Mutua akainua simu juu ya watu, nikaona mti, nikaona anga, kisha ikakatika kabisa. Niliingoja irudi. Haikurudi. Basi nikafungua kazi, kwa sababu ilikuwa pale mbele yangu, nikalinganisha picha mbili, nikachagua kidoti kinachong'aa nikaendelea. Kufikia jioni nilikuwa nimemaliza. Nakumbuka nilijiona hodari.

Sisemi hivyo ili nisamehewe hesabu. Hesabu ilikuwa yangu, na Ilse alisema kweli kwamba hata mgeni hukagua. Nakwambia tu kwamba nimejua sasa siku ile nilikuwa wapi. Kwa mwaka mzima watu waliponipa pole nilisema asante kama mtu aliyepewa kalamu. Nilidhani ni kwa sababu nina nguvu.

Kwa hiyo fanyeni ibada Desemba kama mlivyopanga, siku ile ile, na watu wa Kiboko waalikwe. Lakini Mutua asinishikie simu. Usiudhike, Mwaitu. Sitaki kuona kipande. Mwezi wa saba, mtihani ukiwa umepita, nitakuja na miguu yangu, na utanipeleka wewe, asubuhi kukiwa hakuna watu, na huenda nikakaa pale muda mrefu bila kusema kitu. Usinihurumie na usiniletee kiti.

Nisalimie Mutua, na umwambie ule mteremko auwekee matuta kabla mvua haijaisha. Nisalimie Kemunto anayekusomea haya, pole kwa kazi ndefu, dada, na asante kwa kumtunza mama yetu. Nisalimie mchungaji na mama mchungaji, na majirani wa ng'ambo ya barabara.

Na umpe salamu zangu Susu, kwa sauti ya juu ili asikie. Najua ndiye aliyesema ibada isogezwe mpaka mjukuu wake arudi. Mwambie nimekataa. Yeye ndiye aliyemzaa Baba, na amezeeka, hastahili kusubirishwa na mimi. Siku ya msalaba mshikeni mkono pande zote mbili, mumfikishe mbele kabla ya mchungaji, kabla yako wewe na Mutua, yeye auguse kwanza.

Ni mimi binti yako,

Ndinda